Mkao wa Mwili na Wepesi wa Ulimi: Mazingatio ya Fonetiki Matamshi kwa Kurejelea Mazingira ya Manzese, Dar es Salaam

IKISIRI

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya mkao wa mwili na matatizo ya kutembeza ulimi katika utamkaji. Yanadai kwamba ulimi hauwezi kueleweka kama ala ya matamshi inayojitegemea, kwa kuwa umefungamana na taya, shingo, kidari na mabega kwa njia ya mfupa wa hioidi. Hata hivyo, athari ya mkao si sawa kwa wasemaji wote. Kwa msemaji mzima ni ndogo na hufidiwa upesi. Kwa msemaji mwenye udhaifu wa neva au misuli yaweza kuwa kubwa. Kwa kurejelea Manzese, mahali penye wasemaji wa lugha nyingi na kazi nyingi za mkono, makala yanapendekeza utaratibu wa kutenganisha kasoro itokanayo na ulimi wenyewe, ile itokanayo na mkao, na ile ambayo si kasoro bali ni athari ya lugha ya kwanza.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa ulimi hauna mfupa. Methali hiyo hutumiwa kuonya juu ya maneno yatokayo bila kizuizi, lakini hata kwa mtazamo wa anatomia ina ukweli ndani yake. Ulimi ni rundo la misuli lisilo na mfupa wala kiungo cha mfupa. Kier na Smith (1985) waliuweka katika kundi moja na mkonga wa tembo na mikono ya pweza, yaani viungo ambavyo ujazo wake haubadiliki: vikibanwa upande mmoja hurefuka au hunenepa upande mwingine. Ndiyo sababu ncha ya ulimi yaweza kuchomoza, kupinda na kutetema bila ya kuwa na nguzo ndani yake.

Lakini ulimi usio na mfupa umeegemezwa juu ya mifupa mingine, nayo mifupa hiyo hujongea kila mwili unapoinama, unapojinyoosha au unapolala. Vitabu vya fonetiki ya Kiswahili, kikiwemo cha Mgullu (1999), hugawa ala za matamshi katika makundi ya ala sogezi na ala tuli. Mgawanyo huo una manufaa makubwa katika ufundishaji. Hata hivyo, mchoro wa kawaida wa ala hizo, unaoonesha kichwa kilichokatwa kwa wima na kuishia chini ya zoloto, humwachia mwanafunzi picha ya msemaji asiye na mabega wala mgongo. Makala haya yanakusudia kuurefusha mchoro huo kuelekea chini, kisha kuuliza ni nini kinachobadilika katika maelezo ya matatizo ya ulimi.

Suala hili si la nadharia peke yake. Mtoto anayedhaniwa kuwa na ulimi mzito huweza kuchekwa darasani, kucheleweshwa shule, au kupelekwa kukatwa sehemu ya kinywa ambayo haikuwa na kosa. Kwa hiyo uchambuzi sahihi wa chanzo una uzito wake nje ya mipaka ya isimu.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Istilahi mkao inatumika katika makala haya kwa maana pana ya mpangilio wa kichwa, shingo, kiwiliwili na nyonga, awe msemaji ameketi, amesimama, ameinama au amelala. Wepesi wa ulimi ni uwezo wa ulimi kufika panapotakiwa, kwa kasi na nguvu zinazotakiwa. Kwa hiyo tatizo la wepesi wa ulimi laweza kuwa la masafa (ulimi haufiki), la kasi (unafika kwa kuchelewa) au la nguvu (unafika lakini haukazi).

Msamiati wa kawaida wa Kiswahili una maneno kadhaa yanayokaribiana na dhana hiyo. Kithembe hutaja utamkaji wenye kasoro, hasa wa sauti kama /s/ na /z/, ambapo ncha ya ulimi hupenya baina ya meno. Kigugumizi ni kukwama kwa mtiririko wa usemi, na hakimaanishi kuwa ulimi umeshindwa kutembea. Lafudhi ni namna ya utamkaji inayomtambulisha msemaji na jamii yake. Neno mashuhuri zaidi, ulimi mzito, hubeba yote hayo kwa pamoja: mgonjwa wa kiharusi, mtoto anayechelewa kusema, mgeni aliyetoka bara na hata mtu mwoga wa kusema hadharani, wote husemwa kuwa na ulimi mzito. Upana huo unafaa katika mazungumzo, lakini unaficha tofauti ambazo mchunguzi hana budi kuzitenganisha.

3.0 Njia za Kianatomia

Misuli ya ulimi kwa kawaida huhesabiwa kuwa jozi nane. Jozi nne zimo ndani ya ulimi wenyewe na kazi yake ni kubadili umbo lake: kuurefusha, kuufupisha, kuubapisha na kuupinda. Jozi nne nyingine huanzia nje na kuusogeza ulimi mzima. Msuli wa jenioglosi huanzia nyuma ya kidevu na kuuvuta ulimi mbele. Msuli wa hioglosi huanzia kwenye mfupa wa hioidi na kuushusha. Msuli wa staloglosi huanzia kwenye kijiti cha mfupa chini ya fuvu na kuuvuta nyuma na juu. Na msuli wa palatoglosi huunganisha ulimi na kaakaa laini. Yote huongozwa na neva ya kumi na mbili ya kichwa, isipokuwa palatoglosi.

Kiini cha hoja ya makala haya ni mfupa wa hioidi. Mfupa huo mdogo wenye umbo la kiatu cha farasi upo mbele ya shingo, juu ya zoloto, nao hauungani kwa kiungo na mfupa mwingine wowote. Umening'inizwa kwa misuli na kano. Kwa juu unashikwa na misuli itokayo kwenye taya la chini na fuvu. Kwa chini unashikwa na misuli itokayo kwenye kidari, kwenye zoloto na, kwa msuli wa omohioidi, kwenye mfupa wa kombe la bega. Hivyo bega, kidari, taya na ulimi vimo katika mnyororo mmoja, na hioidi ni pete ya katikati ya mnyororo huo.

Kutokana na mpangilio huo, njia tatu za athari zinaweza kubainishwa. Kwanza ni njia ya mvuto wa misuli. Kichwa kikisogezwa mbele ya mabega huku uso ukiinuliwa ili macho yaone mbele, umbali kati ya kidevu na kidari huongezeka. Misuli ya mbele ya shingo hunyooshwa, na hioidi pamoja na taya la chini huvutwa. Ulimi basi huanza safari yake kutoka mahali pengine. Pili ni njia ya uzito. Msemaji akilala chali, uzito wa ulimi huuelekeza kwenye koromeo. Akiinama kifudifudi, huuelekeza kwenye meno. Tatu ni njia ya pumzi. Mgongo uliokunjika hubana nafasi ya kiwambo na mbavu, na mkondo wa hewa hupungua nguvu. Kimadende /r/ hutegemea hewa ya kutosha kuitetemesha ncha ya ulimi iliyolegea kwenye ufizi. Hewa ikiwa haba, ncha haitetemi hata kama ulimi wenyewe hauna kasoro.

4.0 Ushahidi Uliopo na Mipaka Yake

Kuwapo kwa njia za athari hakuthibitishi kwamba athari ni kubwa. Stone na wenzake (2007) walilinganisha kwa picha za mawimbi ya sauti matamshi ya wasemaji wakiwa wima na wakiwa wamelala chali. Tofauti za mahali pa ulimi zilionekana, lakini hazikuwa sawa kwa kila msemaji. Yeyote anaweza kuona upande wa pili wa jambo hilo: mtu aliyelala kitandani huzungumza na kueleweka bila taabu. Ubongo hupokea taarifa za mahali ulimi ulipo na kuirekebisha nguvu ya misuli ipasavyo. Kwa hiyo, kwa msemaji mzima, mkao hubadili njia ya kufikia sauti zaidi ya kuibadili sauti yenyewe.

Mwelekeo wa uhusiano nao si wa upande mmoja. Solow na Kreiborg (1977) walipendekeza kuwa kuzibwa kwa njia ya hewa humfanya mtu ainue kichwa nyuma, na kwamba mvutano wa tishu laini unaofuatia unaweza kuathiri ukuaji wa uso na taya. Mtoto mwenye vinyama vilivyovimba nyuma ya pua hupumua kwa mdomo. Ili apate hewa hushusha ulimi na kuinua kidevu. Anayemwona huweza kusema kuwa mkao mbaya umeharibu ulimi, ilhali vyote viwili ni matokeo ya pua iliyoziba. Kumnyoosha mgongo mtoto wa namna hiyo bila kumtibu pua ni kushughulikia dalili na kuacha chanzo.

Tahadhari kama hiyo inahusu ulimi uliofungwa, yaani hali ambayo ugwe ulio chini ya ulimi ni mfupi mno au umeshika karibu na ncha. Hali hiyo ni ya kuzaliwa nayo. Haisababishwi na mkao, wala mazoezi ya shingo hayaurefushi ugwe huo. Madai kwamba ugwe mfupi huharibu mkao wa mwili mzima yamesambaa kuliko ushahidi unaoyaunga mkono.

Mambo ni tofauti pale uwezo wa ubongo wa kufidia unapokuwa umepungua. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hawezi kuikaza shingo yake hutumia taya na ulimi kama nanga ya kukizuia kichwa kisianguke. Misuli inayotakiwa itembee kwa wepesi inafanya kazi ya kushikilia. Akiketishwa vizuri, nyonga zikiwa zimekunjwa, miguu ikiwa imekanyaga, kiwiliwili kikiwa kimeegemezwa na kichwa kikiwa katikati, taya na ulimi hupata nafuu. Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya matamshi na ulaji huanza na kiti kabla ya kufika kinywani. Hali inayofanana nayo huonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa kiharusi. Basi kanuni ya jumla yaweza kusemwa hivi: kadiri udhibiti wa neva unavyokuwa dhaifu, ndivyo mkao unavyokuwa na uzito mkubwa zaidi.

5.0 Manzese: Mikao na Lugha

Manzese ipo kandokando ya Barabara ya Morogoro, magharibi ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Awali ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kinondoni na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo. Ilikua kwa kasi kama makazi yasiyopimwa, na katika miaka ya 1970 ilihusishwa katika mradi wa serikali wa kuboresha makazi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Tangu mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka hupita hapo. Mambo matatu yanaifanya mahali hapa pawe na manufaa kwa uchunguzi wa mada hii.

Jambo la kwanza ni kazi. Fundi cherehani hukaa saa nyingi akiwa ameinamia sindano, kichwa kikiwa mbele ya mabega. Hansraj (2014) alikadiria kwa hesabu kwamba kichwa cha mtu mzima chenye uzito wa kilo 5 hivi huielemea shingo kwa nguvu inayofikia kilo 27 kinapoinamishwa kwa nyuzi 60. Hayo ni makadirio ya kimodeli, wala hayakupimwa kwenye ulimi, lakini yanaonesha kuwa mzigo wa shingo ya fundi si mdogo. Mbebaji wa ndoo ya maji kichwani hufanya kinyume chake: hukaza shingo wima na kutuliza taya ili maji yasimwagike, na akisalimiwa hujibu kwa kufungua kinywa kidogo. Muuza mitumba aliyechuchumaa kwenye rundo la nguo na konda aliyechomoza mlangoni mwa daladala wana mikao yao pia. Swali la kiuchunguzi ni iwapo saa nyingi za mkao mmoja huacha alama yoyote katika utamkaji baada ya kazi kwisha, au kama alama hiyo hutoweka mara msemaji anapojinyoosha. Kwa mujibu wa hoja za sehemu ya 4.0, jibu linalotarajiwa kwa msemaji mzima ni la pili. Kwa konda ipo tahadhari ya ziada: ukwaruzaji wa sauti utokanao na kupaza sauti kutwa ni suala la nyuzi za sauti, na usichanganywe na suala la ulimi.

Jambo la pili ni makazi. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku mara nyingi hukaliwa na familia kadhaa, kila familia na chumba chake. Ndani ya chumba kama hicho nafasi ya kiti maalumu cha mtoto ni finyu. Mtoto asiyeweza kuketi mwenyewe hulazwa mkekani, na huenda akalishwa uji akiwa amelala chali au nusu chali. Mkao huo huupeleka ulimi nyuma na kuuacha uji uteremke kooni kabla mtoto hajawa tayari kumeza. Hapo kinachohatarishwa ni zaidi ya matamshi. Ni mapafu na uhai wa mtoto.

Jambo la tatu ni lugha. Wakazi wa Manzese wametoka pande nyingi za Tanzania, na Kiswahili chao kina sura nyingi. Msemaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma, lugha isiyo na /r/, huweza kutamka kura kama kula na mahari kama mahali. Wasemaji wengi wa bara hutamka /th/ kama /s/ na /dh/ kama /z/, hivyo thamani husikika kama samani na dhana kama zana. Msikilizaji asiye na mafunzo huweza kuyaweka yote hayo katika kapu moja la ulimi mzito.

6.0 Utaratibu wa Kutenganisha Sababu

Kutokana na mazingatio hayo, utaratibu wa hatua nne unapendekezwa kwa mwanafunzi wa fonetiki au mwalimu anayetaka kujua chanzo cha utamkaji usio wa kawaida.

Hatua ya kwanza ni umri. Kimadende /r/ ni miongoni mwa sauti ambazo watoto huchelewa kuzimudu. Mtoto mdogo anayesema langi badala ya rangi bado yumo njiani, na hapaswi kuhukumiwa.

Hatua ya pili ni lugha. Msemaji asikilizwe katika lugha yake ya kwanza pamoja na Kiswahili. Ikiwa katika lugha ya kwanza ulimi wake hutamka kwa wepesi sauti zote za ufizi na za meno zilizomo, na tatizo lipo katika sauti ngeni tu, basi chanzo ni mfumo wa sauti na si kiungo. Ikiwa /t/, /d/, /n/, /l/ na /s/ zimeathirika katika lugha zote mbili, ulimi wenyewe wastahili kuchunguzwa. Ni muhimu kuzingatia kwamba athari ya lugha huwa na utaratibu: sauti moja hubadilishwa na nyingine iliyo kamili. Udhaifu wa ulimi huleta sauti zilizopotoka, ambazo si hii wala ile.

Hatua ya tatu ni miendo isiyo ya usemi. Msemaji aombwe atoe ulimi, aguse mdomo wa juu, aguse pembe zote mbili za kinywa, kisha arudierudie silabi ta-ta-ta, ka-ka-ka na ta-ka-ta-ka. Ulimi unaochomoza ukiwa na ncha iliyogawanyika mfano wa kopa huashiria ugwe mfupi. Ulimi unaopinda upande mmoja, hasa ikiwa hali hiyo imeanza ghafla, huashiria tatizo la neva au ubongo, na mhusika apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Hatua ya nne ni mikao. Maneno yaleyale yatamkwe msemaji akiwa ameketi wima, ameinama kama afanyavyo kazini, na amelala chali. Jozi zenye kutofautiana kwa fonimu moja, kama vile kura na kula, hufaa kwa kazi hii. Utamkaji usiobadilika kamwe hauna uhusiano wa maana na mkao. Utamkaji unaobadilika kidogo na kurudi ni wa kawaida. Ule unaobadilika sana, au unaotengemaa mara tu kichwa na kiwiliwili vinapoegemezwa, ndio unaothibitisha kwamba mkao ni sehemu ya tatizo na kwamba waweza kuwa sehemu ya tiba.

Mpangilio wa hatua hizi si wa nasibu. Umri na lugha vimetangulizwa kwa sababu ndivyo vinavyoeleza hali nyingi kwa gharama ndogo, na kwa sababu kuviruka kunawageuza watu wazima wa afya kuwa wagonjwa.

7.0 Yanayofuatia Katika Elimu na Malezi

Upo utamaduni wa muda mrefu nchini Tanzania wa kukata kimeo, ambao umeandikwa katika majarida ya tiba. Kimeo hukatwa hasa kwa ajili ya kikohozi kisichokoma na matatizo ya koo. Kwa mintarafu ya mada hii, jambo moja linapaswa kuelezwa bayana: kimeo kimeshikamana na kaakaa laini, na kukikata hakuongezi wepesi wa ulimi hata chembe, bali humwacha mtoto katika hatari ya kutokwa damu nyingi na kupata maambukizo. Ugwe wa ulimi nao, pale unapozuia kweli kunyonya au kutamka, hukatwa na daktari kwa upasuaji mdogo. Lakini ugwe usiwe mshitakiwa wa kwanza kila mtoto anapochelewa kusema. Usikivu wa masikio hauna budi kupimwa mapema, kwa kuwa mtoto asiyesikia vema hawezi kuiga asichokisikia.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hoja ya mkao inatoa nafasi ya kutenda bila gharama kubwa. Seremala wa mtaani aweza kutengeneza kiti chenye egemeo, ubao wa miguu na meza ya mbele kwa vipimo vya mtoto mwenyewe. Ni vema vipimo hivyo vitolewe na mtaalamu wa viungo, na hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani ni miongoni mwa taasisi zinazotoa huduma za utengamao jijini. Hata kabla ya kiti kupatikana, mlezi aweza kumpakata mtoto akiwa ameketi, kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo, na kumpa chakula kidogo kidogo. Badiliko hilo dogo laweza kumwepusha na kupaliwa.

Kwa shule, somo ni la aina nyingine. Mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi asemaye kula badala ya kura anafundisha fonolojia ya Kiswahili Sanifu, na hapana ubaya katika kufanya hivyo. Ubaya huanza pale usahihishaji unapogeuka kuwa uchunguzi wa maradhi, na tofauti ya lugha inapoitwa kilema.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa ulimi umefungamana na mwili kwa njia tatu: mvuto wa misuli kupitia mfupa wa hioidi, uzito wa ulimi wenyewe, na nguvu ya pumzi. Yameonesha pia kuwa athari za njia hizo hutegemea uwezo wa msemaji wa kufidia. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba mkao mbaya ndio chanzo cha ulimi mzito, wala si sahihi kuuacha mkao nje ya maelezo ya fonetiki matamshi.

Utafiti wa uwandani bado unahitajika. Rekodi za mafundi cherehani wa Manzese zinazochukuliwa asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, zikipimwa kiakustika na kulinganishwa na za wakazi wa mtaa huohuo wanaofanya kazi za kusimama, zingeweza kuipima hoja ya sehemu ya 5.0. Rekodi hizo zizingatie lugha ya kwanza ya kila msemaji, zipate ridhaa yake, na zifanyike kwa muda usiomharibia riziki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo mwendo mfupi kutoka Manzese. Mchoro wa ala za matamshi unaofundishwa huko waweza kupata mabega yake kutoka kwa wasemaji hao.